Karatasi moja ya maabara, majibu mawili ya figo, moja limeandikwa "mweusi": hii ndiyo iliyomchelewesha kaka yangu kwenye foleni?

Mdogomtu_Dallas (mleta uzi)

Wakuu salamu. Naombeni mnisome mpaka mwisho maana hili jambo limenikaba kooni wiki nzima.

Nina kaka yangu, tumetoka tumbo moja. Yeye alikuja Marekani 2006, mi nikamfuata baadaye. Presha imemla figo taratibu, na Oktoba 2021 akaanza dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, kila mara masaa manne kwenye kiti. Yuko kwenye foleni ya kupandikizwa figo toka hapo. Sasa juzi tunahama nyumba nikakuta bahasha ya kaki aliyokuwa anatunzia makaratasi yake ya hospitali, nikakaa chini kuyapanga kwa tarehe ili daktari mpya asihangaike, nikafika kwenye majibu ya Februari 2019. Kreatinini imeandikwa, halafu chini yake kuna mistari miwili ya kitu kinaitwa eGFR. Mstari wa kwanza: asiye mweusi, 18. Mstari wa pili: mweusi, 21. Damu ile ile, chupa moja, asubuhi moja. Na mtu ameizungushia ile 21 kwa kalamu ya bluu.

Nikamwonesha kaka nikamuuliza unaikumbuka hii, akasema naikumbuka vizuri sana, ndiyo siku daktari aliniambia figo zimechoka lakini bado hazijashuka mpaka ishirini, zikifika ishirini tutakuandikisha. Kaka alitoka pale amefurahi jamani. Alimpigia mama simu Moshi kumwambia Mungu amemtetea. Baada ya hapo akabadilisha kazi, bima ikakatika, korona ikaingia, na aliporudi hospitali alipelekwa na ambulensi akiwa amevimba miguu mpaka viatu haviingii. Foleni yake ikaanza kuhesabiwa siku ile ya dayalisisi ya kwanza.

Maswali yangu ni haya. Hizo namba mbili maana yake nini, na kwanini rangi ya mtu iingie kwenye hesabu ya damu? Pili, kuna jamaa tunasali naye kaniambia eti kuna watu weusi walirudishiwa muda wao wa foleni, hii ni kweli au maneno ya watu? Kama ni kweli naanzia wapi? Hospitali zenyewe sitazitaja, nataka tu kaka apate haki yake.

Nesi_wa_Usiku

Pole sana ndugu, na umpe kaka pole zangu. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota, nimefanya kazi kwa kituo cha dayalisisi mwaka wa tisa huu, kwa hivyo ngoja nikueleze vile naelewa.

Kreatinini ni taka ya misuli. Figo ndiyo inaitoa kwa damu, ikianza kujaa ujue figo inalegea. Lakini maabara haiwezi kutazama figo ikifanya kazi, inachukua hiyo kreatinini, umri wako na kama wewe ni mwanamke au mwanamume, inaingiza kwa hesabu na kutoa makisio. Hiyo ndiyo eGFR. Sasa hesabu iliyoenea kuanzia 1999 iliongeza kitu kimoja zaidi, rangi. Ukiwa mweusi jibu lako lilizidishwa kwa 1.21 hivi. 2009 ikaja hesabu nyingine ikapunguza, ikawa 1.159. Chukua 18 ya kaka yako uzidishe mara 1.159, unapata 20.86, maabara ikakaza ikawa 21. Hapo kwa hiyo point themanini na sita ndipo kaka yako alipotelea, kwa sababu sheria ya foleni ya figo hapa inasema kama hujaanza dayalisisi unaanza kuhesabiwa muda ukifika 20 au chini yake. Angekuwa mzungu na damu ile ile angeandikishwa Februari 2019.

Sababu iliyotolewa ni kwamba kwa utafiti wao watu weusi walionekana kuwa na kreatinini ya juu kidogo hata kama figo zao zina nguvu sawa na za wengine, wakasema labda ni kwa sababu wana misuli mingi. Hiyo "labda" ikaingia kwa kompyuta za maabara karibu nchi nzima na ikakaa zaidi ya miaka ishirini. Kuna hospitali ya Boston, Beth Israel Deaconess, iliitoa 2017, na wanafunzi wa udaktari ndio walipiga kelele sana sehemu nyingi. Septemba 2021 ndio vyama vya figo vikakubaliana na hesabu mpya isiyo na rangi.

Na hilo la kurudishiwa muda ni KWELI, si maneno ya watu. Mtandao wa kitaifa wa upandikizaji, OPTN, 2022 ulikataza hospitali kutumia hesabu yenye rangi kwa kuandikisha watu, halafu kuanzia Januari 5, 2023 ukazipa hospitali mwaka mmoja zipitie wagonjwa wote weusi walio kwa foleni, anayepatikana na jibu la zamani ambalo lingekuwa 20 au chini bila kuzidishwa anarudishiwa tarehe mpaka siku ya hilo jibu. Kufikia katikati ya Machi 2024 watu zaidi ya 14,300 walikuwa wamerudishiwa, kwa wastani kama miaka miwili kila mtu. Miaka miwili ya hicho kiti, hebu fikiria.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Hospitali ilihitaji USHAHIDI, yaani karatasi yenye tarehe. Kama mgonjwa alihama state, ama kliniki ya kwanza ilifungwa, ama kompyuta zao hazizungumzi, hiyo karatasi haikuonekana na mtu hakurudishiwa kitu. Kwa hivyo hiyo bahasha ya kaki ni mali. Piga simu kituo cha upandikizaji, omba mratibu wa kaka, sema hivi: nataka kujua kama muda wake ulishapitiwa kwa ajili ya eGFR ya rangi, na nina majibu ya Februari 2019. Usiwape karatasi yenyewe, wape kopi. Na uombe barua inayoonyesha tarehe yake ya sasa ya foleni.

Fundi_Takwimu

Mkuu pole kwa kaka. Mi naomba nitoe upande mwingine kidogo na msinielewe vibaya. Nimesomea takwimu, na wale waliotengeneza ile hesabu hawakukaa chumbani wakasema tuwanyime watu weusi figo. Walikuwa na data, wakaona tofauti, wakairekebisha, ndivyo hesabu zinavyofanya kazi. Na kuitoa pia kuna gharama zake, ukishusha namba za watu weusi wote kwa mpigo kuna watakaoambiwa ni wagonjwa wakati walikuwa hawajaambiwa hivyo, kuna dawa za kisukari na za saratani ambazo dozi yake inategemea hiyo namba, watapunguziwa au kunyimwa kabisa, na kuna ndugu wanaotaka kutoa figo watakataliwa. Kwahiyo nauliza kwa nia njema kabisa, je huu ni ubaguzi au ni kosa la kitaalamu? Maana hayo ni mambo mawili tofauti.

Maabara_Mwanza

Fundi nimekuelewa na hoja ya dozi ni ya kweli, lakini ngoja nikupe ya jikoni maana mi nimekaa maabara zaidi ya miaka ishirini hapa Kanda ya Ziwa.

Mashine yetu ilikuja na programu yake tayari. Unaingiza jina, umri, jinsia, halafu kuna kisanduku cha rangi, weusi ndiyo au hapana. Sisi tukakiacha kwenye ndiyo kwa kila mtu, tukaona ni jambo la kawaida, nani hapa siyo mweusi? Mpaka siku moja akaja kijana wa familia ya Kihindi ya duka la spea, wazee wake wako mjini hapa toka enzi za reli. Mwenzangu akaniuliza huyu tunaweka nini. Tukakitoa kile kisanduku, namba ikashuka. Nyuma yake kwenye benchi alikaa binti, baba yake Mwarabu na mama yake Msukuma, ngozi yake na ya yule kijana huwezi kuzitofautisha. Huyu tukambakizia ndiyo. Nikajiuliza nimetumia kipimo gani hapo? Macho yangu. Mi ni mtaalamu wa maabara nina mashine ya mamilioni na nimemaliza kazi kwa kumtazama mtu usoni. Siku ile sikulala vizuri, na nikikumbuka majibu yote niliyoyasaini kabla ya hapo naumia mpaka leo.

Na data unayosema Fundi ilikuwa ya Wamarekani. Haikuwa na Msukuma ndani yake, wala Mganda. 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa Malawi, Afrika Kusini na Uganda, walipima figo kwa njia ya kuingiza dawa mwilini na kuangalia inatoka kwa kasi gani siyo kwa kukisia, wakakuta hesabu za kreatinini zinazipamba figo za watu wetu, zinaonesha nzima kuliko zilivyo. Sasa chukua hesabu ambayo tayari inapamba halafu uizidishe tena kwa sababu ya ngozi. Mtu mwenye lishe duni ambaye misuli yenyewe imekwisha unamwambia ana misuli mingi.

Kuna kitu kingine cha kweli kwenye damu, geni inaitwa APOL1. Ukirithi aina fulani zake pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, hatari ya figo inapanda sana. Zinasemekana zilienea kwa sababu zinakinga malale. Hizo zipo kwa wingi Afrika Magharibi, ndiyo maana zipo kwa Wamarekani weusi wengi, lakini ukienda Ethiopia karibu hazipo. Kwahiyo Mnigeria na Mhabeshi wote wataingia kisanduku kimoja cha weusi wakati hatari zao hazifanani hata kidogo. Ukitaka kujua geni pima geni. Ngozi haipimi kitu.

Fundi_Takwimu

Maabara_Mwanza hapo kwa yule binti na kijana umenigusa, nakiri sikuwahi kuifikiria kwa upande wa anayebonyeza kitufe. Kwamba rangi ilipimwa kwa macho ya mpokezi, kitakwimu hicho siyo kigezo, kila mahali kinapimwa kivyake. Bado nashikilia la dozi, mtu asibadilishiwe dawa kwa hesabu peke yake.

Nesi_wa_Usiku

Fundi hilo la dozi nakubali, na ndio maana kuna kipimo kingine cha sistatini C ambacho hakitegemei misuli kama kreatinini, mtu ambaye namba yake iko karibu na mstari anaweza kuomba apimwe nacho. Mdogomtu hata wewe mwenyewe nenda upimwe figo na presha, haya mambo yanatembea kwa familia.

Lakini kuhusu swali lako kama ni ubaguzi ama kosa. Mimi naingia kwa kituo saa kumi alfajiri, nawasha mashine, naona nani ameketi. Watu weusi ni kama 13 kwa kila Wamarekani 100, lakini kwa wale ambao figo zimekufa kabisa ni zaidi ya 30 kwa 100. Kama hesabu ilikosea, mbona ilikosea kwa upande wa kumchelewesha yule anayeumia zaidi na ikachukua zaidi ya miaka ishirini kuondolewa? Kosa likiangukia mtu yule yule kila siku mimi siwezi kuliita bahati mbaya. Na si hiyo tu, hata figo iliyotolewa na mtu mweusi aliyekufa ilikuwa inapewa alama mbaya zaidi ya ubora kwa sababu tu ya rangi ya mwenye figo, hiyo wameiondoa 2024.

Bukavu_Ohio

Jambo kwenu wote. Miye ni wa Bukavu, niko Ohio tangu 2016. Nilisoma haya maneno yote nikalia, juu yamenikumbusha baba.

Wakati wa korona tulimupeleka baba kwa hopitali, anapumua kama mutu mwenye amekimbia. Wakamuwekea kile kidude cha kubana kidole, chenye kinapima hewa mu damu, kikasema 94. Dokteri akasema iko muzuri, murudi naye nyumba, akunywe maji. Miye nikasema dokteri angalia midomo yake, iko ya majivu, akasema mashini inasema 94. Tulirudi. Usiku saa nane ambulensi ikamubeba, wakamupima damu ya mushipa njo wakaona hewa iko chini kabisa, alilala kule siku kumi na tisa. Mungu alimurudisha, lakini mapafu yake hayakuwa tena kama mbele.

Kisha njo nilielewa ile kidude kinatuma mwangaza ndani ya ngozi, na ngozi nyeusi inakidanganya. Kuliandikwa utafiti wa Michigan mu Desemba 2020, walilinganisha kidude na damu ya mushipa, kwa wagonjwa wenye kidude kinawasomea 92 mpaka 96, weusi 11.7 kwa mia walikuwa na hewa ya chini ya hatari, wazungu 3.6 kwa mia. Mara tatu. Kaka wa Dallas, yako ilikuwa hesabu, yetu ilikuwa taa, lakini zote zilisema mutu mweusi iko muzuri, arudi nyumba.

Mzee_wa_Carolina

Wanangu, nimewasoma kimya. Mimi niko North Carolina toka miaka ya themanini, nilikuja kusoma nikabaki. Mmoja kauliza kama ni ubaguzi au kosa, nataka niwape kitu ambacho wazee weusi wa kanisani kwetu walinisimulia kwa sababu wao walikipitia.

Mwaka 1946 serikali kuu ilitunga sheria inaitwa Hill-Burton ya kumwaga pesa za kodi zijengwe hospitali nchi nzima. Sheria hiyo kwa maandishi kabisa iliruhusu hospitali iliyojengwa kwa pesa hizo iwe ya wazungu peke yao, mradi weusi nao wawe na ya kwao inayosemekana ni sawa. Huyo mweusi alilipa kodi ile ile. Hapa Greensboro kulikuwa na daktari wa meno mweusi, George Simkins, ana mgonjwa jino limeoza usaha umejaa, hospitali ya pale ikamkataa. Simkins na madaktari wenzake wakafungua kesi, na Novemba 1963 mahakama ya rufaa ikasema pesa ya umma haiwezi kujenga mlango wa kumfungia mtu kwa rangi. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya haki za kiraia, na 1966 bima ya wazee, Medicare, ilipoanza serikali ikaziambia hospitali hamna ubaguzi au hamna pesa. Hospitali zaidi ya elfu moja zilichanganya wodi zao ndani ya miezi michache. Miezi! Kitu walichokuwa wanasema hakiwezekani.

Kwahiyo daktari aliyesoma katika miaka ya sitini alifundishwa kwenye wodi za namna hiyo, naye akafundisha walioandika hesabu zenu. Hakuna aliyehitaji kuwa na chuki. Alikuta tayari inaaminika kwamba mwili wa mweusi ni mwili mwingine, hata vipimo vya mapafu vilikuwa na punguzo la watu weusi, na wazo hilo limetoka kwa madaktari wa enzi za utumwa kama Samuel Cartwright aliyesema mapafu ya mtumwa yana upungufu na kazi ya shambani ndiyo dawa yake. Chama cha madaktari wa kifua kimependekeza kuachana na vipimo vya mapafu vya rangi 2023, majuzi tu.

Mwanangu wa Dallas usiende peke yako kwenye hicho kituo. Nenda na kaka mwenyewe, na mtu wa tatu wa kuandika kila kinachosemwa, jina la aliyesema na saa. Usigombane. Ongea taratibu na usiondoke bila karatasi.

Mdogomtu_Dallas (mleta uzi)

Wakuu asanteni, sina maneno. Bukavu_Ohio pole sana dada yangu kwa yaliyompata mzee, nimemsomea kaka ulichoandika akanyamaza muda mrefu. Mzee wa Carolina shikamoo, nimelishika.

Leo nimepiga simu kituo cha upandikizaji, nimezungushwa kwa watu wanne mpaka nikampata mratibu. Dada mmoja hivi, mpole. Akafungua faili akasema ndiyo, kaka yako alipitiwa mwaka 2023, ila ameandikiwa hakuna majibu ya zamani yaliyopatikana, kwahiyo tarehe yake imebaki Oktoba 2021. Barua ilitumwa. Nikamuuliza kwenye anwani gani, akanisomea, ni ile nyumba aliyotoka 2022. Nikamwambia dada mi nimeshika karatasi mkononi sasa hivi, Februari 2019, kumi na nane na ishirini na moja. Akakaa kimya kidogo, akasema nitumie leo hii, ukurasa wote, jina na tarehe zionekane, ntaipeleka kwa daktari mwenyewe. Akasema ikikubaliwa muda unarudi mpaka siku hiyo ya Februari.

Nimehesabu kwa vidole, miaka miwili na miezi nane.

Nimeipiga picha mbele na nyuma nimeituma, nimetoa kopi tatu, yenyewe iko kwenye mfuko wa nailoni ndani ya Biblia ya mama aliyompa kaka siku anaondoka. Kesho ana dayalisisi saa kumi na moja alfajiri, nampeleka mimi, halafu saa nne tuna miadi na yule mratibu uso kwa uso, shemeji ndiye atakayeandika. Nitarudi hapa kuwaambia walichosema.